Kofia haina kosa: kuhusu vijana na upara wa mapema

Haya jamani tuanze. Najua kuna mtu hapo ashajiandaa kuniuliza daktari si ni kofia, si ni shampuu, si ni stresi, na jibu langu ni lilelile la kila siku mpaka mdomo unauma: upara huu wa ujanani, unaoanzia pembe mbili za paji la uso au pale utosini, kwa wanaume wengi ni ukoo na homoni, kofia mnaionea tu.

Kuna Mmarekani anaitwa James Hamilton, mwaka 1942 alitoa utafiti ambao mi nausimulia kila nikipewa maiki. Alifuatilia wanaume waliohasiwa, ndio, waliotolewa korodani, msigune. Waliohasiwa kabla ya kubalehe hawakuota kipara, hata kama kwao ukoo mzima ni vipara. Sasa akawapa testosteroni, homoni ya kiume, ikawaje? Wenye ukoo wa upara wakaanza kunyonyoka, wasio na ukoo huo nywele zao zikabaki palepale na dawa ni ileile! Yaani homoni peke yake haitoshi, ukoo peke yake hautoshi, vikikutana ndo shughuli. Halafu sikilizeni hapa: alipoacha kuwapa, kunyonyoka kukasimama, ila zilizokwishaenda hazikurudi. Ndo maana nawapigia kelele muwahi.

Na wewe unayechekelea kwamba kipara ni dalili ya homoni nyingi, tulia, huna homoni kuliko mwenzio, mizizi yako tu ndo haiivumilii. Mwili unageuza testosteroni kuwa kitu kinaitwa DHT, mizizi ya mbele na utosini ikiguswa nayo inasinyaa, kila unywele mpya unatoka mwembamba na mfupi kuliko uliopita. Ya kisogoni haijali. Mtasema mbona babu mzaa mama ana nywele kibao? Jeni moja kubwa kweli inatoka kwa mama, ila ziko nyingi na baba naye amechangia, usimsingizie mama wa watu.

Usihesabu nywele za kwenye mto, kupoteza 50 mpaka 100 kwa siku ni kawaida. Simama kwenye kioo chini ya taa kali, gawa nywele za utosini kwa kitana, halafu linganisha na za kisogoni. Ukikuta za utosini nene na nyembamba zimechanganyika, imeanza hiyo. Ila mabaka ya duara, au kunyonyoka miezi miwili mitatu baada ya homa kali, hayo ni mambo mengine.

Dawa haraka haraka. Minoxidil ilikuwa ya presha, wagonjwa wakaanza kuota nywele, ya kupaka ikaruhusiwa Marekani 1988. Wiki za mwanzo nywele zinaweza kudondoka zaidi, watu wanaitupa, msiitupe, na ukiiacha faida inaondoka. Finasteride, kidonge kilichoruhusiwa kwa upara 1997, inapunguza DHT, wachache inawagusa nguvu za kiume au inawaletea sonona, kwa hiyo daktari kwanza, na mjamzito asishike kidonge kilichovunjika.

Kupandikiza nywele, yaani kutoa za kisogoni na kuzipanda mbele, nilitaka nikueleze vizuri ila naonyeshwa saa. Usikimbilie na miaka yako 21 wakati bado zinakwenda, zilizotolewa kisogoni zitabaki mbele, za asili nyuma yake zitaendelea kuondoka, utabaki na kisiwa kwenye paji.