Kumtafuta nkambo aliyetoka Busumbwa

Baba na mama, ndugu vijana, asanteni kufika. Hapa Lubumbashi nyumba nyingi husema: "Nkambo wetu, yaani babu yetu wa zamani, alikuja na Msiri," yule mfalme wa Bayeke aliyetoka Busumbwa, Tanzania ya leo, akatawala huku Katanga kutoka mji wake wa Bunkeya. Leo tuone namna ya kulithibitisha neno hilo kwa mtu mmoja, mwenye jina na wake zake.

Usianzie Tanzania. Busumbwa iko kule kaskazini-magharibi, pande za Ushirombo. Ukifika na jina moja tu mkononi, utaonyeshwa wengi wenye jina hilo na hutajua wako ni yupi. Anza na mzee wenu aliye hai, kisha panda kizazi kimoja kimoja, kila kimoja miaka 25 hadi 30. Aliyezaliwa mnamo 1840 angekuwa na kitukuu kati ya 1915 na 1930. Mkiambiwa mtu wa 1950 ni mjukuu wake, huenda kizazi kimerukwa. Lakini ulizeni kwanza, kwa sababu mwanamume mwenye wake wengi aliweza kuzaa hata uzeeni.

Mzee hatakutajia mwaka. Muulize: alizaliwa kabla au baada ya Msiri kuuawa? Hiyo ni Desemba 1891. Treni ilipofika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, 1910, alikuwa anatembea? Mafua makubwa ya 1918 yalimkuta ameoa? Na kila anaposema "baba", uliza: aliyemzaa, au ndugu ya aliyemzaa? Swali hili likisahaulika, baba mdogo anaandikwa kama mzazi na mti mzima unapinda.

Sasa upande wa mama, ambao watu wanauacha, na hapo ndipo wanapopoteza njia. Bayeke wengi walioa wanawake wa huku. Balamba na Baushi huhesabu ukoo kwa mama, kwa hiyo mtoto wa Myeke angeweza kukulia kwa mjomba na kukumbukwa kijijini kwa mjomba. Nendeni huko mkaulize. Mara nyingi watu wa mama ndio wanaojua mkwe wao mgeni alikuja na nani.

Kwa karatasi, tafuteni kitabu cha ubatizo katika parokia alikobatizwa, si anakoishi. Wabenedikto, watawa Wakatoliki, walifika Katanga 1910, kwa hiyo mtakayempata humo kwa kawaida ni mtoto au mjukuu wa mhamiaji. Pigeni picha ya mstari mzima, majina ya wazazi na ya msimamizi wa ubatizo, pamoja na pembeni, kwa sababu huko ndiko ndoa huandikwa, na parokia ilikofungwa. Waprotestanti waliokuwa Bunkeya tangu mmisionari Arnot, 1886, walibatiza watu wazima walioamini, basi msitegemee kwao ubatizo wa mtoto mchanga. Jina nalo litafuteni kwa tahajia nyingi: Msiri mwenyewe ameandikwa M'Siri, Msidi, Mushidi. Tena, mwaka 1972 majina ya Kikristo yalikatazwa, hivyo Joseph wa kitabu cha parokia anaweza kukosekana kabisa kwenye karatasi za komini, ofisi ya serikali ya mtaa.

Mkiona "amezaliwa Bunkeya" kwa mtu wa miaka ya 1890, simameni kidogo. Msiri alipokufa mji ulitawanyika: wengine walihama na Mukanda Bantu, mrithi wake, wengine walimfuata mmisionari Crawford hadi Luanza, ziwa Mweru. "Bunkeya" inaweza kuwa nchi ya ukoo, si mahali mtoto alipozaliwa.

Na jambo zito. Bunkeya ilikuwa soko la shaba, pembe za ndovu na watumwa. Wengi walioishi pale walitekwa kwingine, wakaolewa au wakalelewa ndani ya nyumba za Bayeke. Familia hulinyamazia hilo. Mkimkuta nkambo wa namna hiyo, mwandikeni kwa jina lake na nchi alikotolewa. Yeye ndiye aliyewazaa, na kumtafuta Busumbwa ni kumpoteza mara ya pili.

Mkiwa na jina la mhamiaji, la baba yake, ukoo wake, na jina la mwenzake mmoja wa safari, hapo sasa nendeni Ushirombo.