Barua ya Pangani: punda au banda?

MWANAKOMBO: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Mlionikosa wiki iliyopita mniwie radhi. Nilikuwa Pangani kwa arobaini ya bibi yangu. Tulipofungua sanduku lake la bati tulikuta, chini ya kanga, barua ambayo babu alimwandikia alipokuwa akikata mkonge mbali na nyumbani. Ni Kiswahili kitupu, lakini imeandikwa kwa herufi za Kiarabu, na katika wajukuu 11 tuliokuwa barazani, wawili wakiwa walimu wa shule, hapakuwa na hata mmoja aliyeweza kuisoma.

GERVAS: Poleni sana kwa msiba, dada. Lakini wewe si ulihitimu chuo cha Kurani ukiwa mtoto?

MWANAKOMBO: Nilihitimu, kaka, na ndiyo maana niliumia zaidi. Herufi nazijua, ila nimezoea kuziona zikiwa na irabu zake juu na chini, na irabu za barua ile zimeliwa na unyevu. Tulimwita mwalimu wa madrasa ya mtaani, akasoma vizuri mpaka mahali babu anaposema, "Nimekuachia," kisha likaja neno lenye be, nuni na dali, yaani b, n na d, naye akanyamaza. Kiarabu hakina p, na waandishi wengi wa zamani walitumia be mahali pake, kwa hiyo neno hilo laweza kuwa punda na laweza kuwa banda. Mama mkubwa anashikilia kwamba ni punda, kwa maana anakumbuka kupandishwa mgongoni mwake. Mjomba anashikilia kwamba ni banda, na banda analolitaja bado limesimama.

GERVAS: Wasikilizaji wanajua kwamba leo tuliahidi mafunzo matatu kuhusu dini na ukoloni: Buganda, Songea na Ugikuyu. Nadhani barua hii inatuingiza humo humo.

MWANAKOMBO: Inatuingiza moja kwa moja. Bibi yangu aliandika barua na hesabu za biashara yake ya samaki kwa herufi hizo maisha yake yote. Siku alipokwenda katika ofisi moja kutia saini, karani alimpaka wino kwenye dole gumba na kuandika kwamba hajui kusoma. Hilo halikuanguka kutoka mbinguni. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akakuta mji wenye makadhi, washairi na waandishi, na mwaka huo huo akaanza kufasiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Alipochapisha sarufi yake mwaka 1850, alichagua herufi za Kirumi akieleza wazi kwamba za Kiarabu zingeufungulia Uislamu njia. Huo ulikuwa uamuzi wa dini kabla haujawa uamuzi wa lugha, na serikali za kikoloni zilipokuja ziliurithi.

GERVAS: Krapf aliamua hivyo, sikatai. Lakini rudi kwa punda wako. Familia nzima imekwama kwa sababu mwandiko ule haukutenganisha p na b. Kwa herufi za Kirumi hata mtoto wa darasa la pili angekwambia ni punda au ni banda.

MWANAKOMBO: Irabu zingekuwepo tusingekwama, maana punda ana u na banda lina a. Tena wapo waandishi wa pwani walioiongezea be vitone vitatu ili isomeke p. Mwandiko ulikuwa ukitengenezwa na wenyewe. Zipo barua za Kiswahili zilizotoka Kilwa mwaka 1711, za watu wa nyumba ya Mfalme Fatima, zilizohifadhiwa Goa nchini India hadi leo. Watu walioandikiana kwa mwandiko huo karne mbili kabla ya karani yule hawakuwa wakikosana kila siku kuhusu punda.

GERVAS: Sasa nikueleze kwa nini mimi siwezi kuililia hasara hiyo kama unavyoililia wewe. Babu yangu alijifunza kusoma Peramiho, karibu na Songea, kwa watawa Wakatoliki wa Kibenediktini waliofika kwetu mwaka 1898. Kabla yao, herufi zilizopita katika nchi yetu ziliambatana na misafara iliyowapeleka watu wetu Kilwa Kivinje kuuzwa. Herufi zako nazo zilikuja na dini, dada, na kwetu zilikuja na minyororo. Hakuna aliyefungua chuo cha kumfundisha mtoto wa mkulima wa Ungoni. Misheni ilimfundisha, akawa mwalimu, na watoto wake wote wakasoma.

MWANAKOMBO: Nasikia uchungu wako. Lakini misheni hiyo hiyo ilimfundisha ili abatizwe. Huko Buganda neno la kusoma liligeuka likawa neno la kuingia dini, hata Wakristo wa mwanzo wakaitwa abasomi, na Wagikuyu nao waliwaita athomi, yaani wasomaji. Ukishafanya hivyo, asiyebatizwa amekuwa asiyesoma, hata kama mkononi ana kalamu.

GERVAS: Na mwanafunzi alipokwisha kusoma, kalamu ilikuwa yake. Mwaka 1929 misheni za Ugikuyu zilipowataka waumini waape kuacha tohara ya wasichana, maelfu waliondoka, wakajenga shule zao wenyewe. Hawakurudisha herufi, walizichukua wakaondoka nazo. Hata mashairi ya Muyaka wa Mombasa yamekufikia wewe kwa sababu mmisionari William Taylor aliketi na Mwalimu Sikujua wakayakusanya.

MWANAKOMBO: Mwalimu Sikujua ndiye aliyeyajua. Taylor alikuwa mwanafunzi wake, na alijifunza mwandiko wa Kiarabu ili amwelewe. Mfano wako unanipa haki mimi: kama mmisionari mmoja aliweza kujifunza herufi za bibi yangu, wengine wangeweza pia, lakini hawakutaka.

GERVAS: Hapo sikufuati. Unataka lugha ya watu wa bara nayo ingojee herufi ambazo kwa karne nyingi hazikuwafikia.

MWANAKOMBO: Nataka herufi mbili zikae katika shule moja. Watu wengi duniani wanaandika kwa miandiko miwili.

GERVAS: Nani angewafundisha, kwa fedha ya nani? Mimi nitabaki na babu yangu.

MWANAKOMBO: Nami na bibi yangu. Usinitake niite faida jambo lililomfanya mwanamke aliyeandika apakwe wino wa dole.

GERVAS: Sijakutaka hivyo, na sitakwambia kwamba wamisionari hawakuwa na doa. Mimi natoka Songea. Tarehe 27 Februari 1906, wakati wa Vita vya Maji Maji, Wajerumani walinyonga watu 67 kwa siku moja pale mjini, na wengi wao walibatizwa na padri muda mfupi kabla ya kitanzi. Padri yule aliamini anawaokoa. Nimesimama kwenye kaburi lao mara nyingi na bado sijui niliweke wapi jambo hilo moyoni. Ndilo lilikuwa funzo letu la pili, na nilitaka tulikalie kwa utulivu.

MWANAKOMBO: Fundi wetu ananionyesha dakika mbili. Hatutalitendea haki kwa dakika mbili, na Buganda tumeigusa kwa neno moja tu. Tuyaache yote matatu, kaka.

GERVAS: Tuyaache. Ila barua umefanya nini nayo?

MWANAKOMBO: Jumamosi naipeleka Tanga kwa mzee mmoja aliyesomea mwandiko wa zamani. Mama mkubwa na mjomba wameahidi kusafiri nami, kila mmoja akiwa na hakika yake. Nawe njoo, ukipenda.

GERVAS: Nitakuja. Kabla hatujafunga, tusomee japo mwanzo wake.

MWANAKOMBO: Kusoma siwezi, nimeuhifadhi kama mwalimu alivyotamka. "Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, wasiwasi ni juu yenu. Nimepata karatasi kwa rafiki, nami nakuandikia usiku huu ili ujue kwamba mkono wangu ungali mzima."