Kwa Nini Kereng'ende ni Adimu Ndani ya Kaharabu
Mhadhara uliotolewa Mafinga, kwa wanafunzi na wagema utomvu

Kamwene! Nianze na nyie mnaogema utomvu wa misonobari kule Sao Hill. Mkikusanya kesho, angalieni nani amenasa. Usubi, sisimizi, buibui hawakosi. Kereng'ende je? Wamejaa mabwawani, ila kwenye utomvu ni bahati kumwona.

Kaharabu nayo iko hivyo hivyo. Ni utomvu wa miti ya kale uliofukiwa. Tapentaini yake ikayeyuka hewani, kilichobaki kikashikana na kukomaa kwa mamilioni ya miaka. Kaharabu ya Kachin, kaskazini mwa Myanmar, ina takriban miaka milioni 99. Wadudu waliomo ni maelfu kwa maelfu, lakini kereng'ende ni wa kuhesabika, tena wengi ni wale wembamba. Mara nyingine limebaki bawa tu, mwenyewe hayupo.

Utomvu hutiririka kwenye gome. Kereng'ende hukulia majini na kuwinda hewani. Halafu ana nguvu. Akigusa, hujichomoa hata kama ni kwa kuacha kiungo. Kwa hiyo kaharabu ni shahidi mwenye upendeleo: hutunza wadogo na wanyonge. Ukiiamini peke yake utadhani dunia ya kale ilikuwa ya usubi mtupu! Meganeura, ndugu wa kale wa kereng'ende aliyeishi Ufaransa miaka milioni 300 hivi iliyopita, alikuwa na mabawa ya sentimita 65 hivi, ncha hadi ncha. Huyo tunamjua kwa alama aliyoacha kwenye jiwe. Tone gani la utomvu lingemmeza?

Lakini jiwe humlaza mdudu bapa. Kaharabu humwacha na umbo lake lote, hadi vinyweleo. Mwaka 2017 watafiti walieleza dume mwembamba kutoka Kachin, Yijenplatycnemis, mwenye miguu iliyotanuka kama maganda ya maharage. Wanadhani alikuwa akiipunga kumtongoza jike. Mnacheka, lakini ndugu zake walio hai wapo wanaofanya hivyo.

Kijana ameuliza kama tunaweza kumfufua kwa DNA yake. Hapana, DNA huvunjika mapema mno.

Na mama aliyeuliza kuhusu sandarusi ya pwani: ni utomvu mchanga, haujawa kaharabu. Kuzitofautisha, dondoshea asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha. Sandarusi itanata, kaharabu haitanata. Ila usidondoshee upande wenye mdudu.