Nyuma ya kamera za Bandstand: mhadhara kuhusu vipindi vya rokenroli vya Marekani

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kuja. Leo naomba tuingie pamoja studioni. Studio yenyewe ni ya kituo cha televisheni cha WFIL, jijini Philadelphia, kwenye kona ya mtaa wa 46 na Market. Kuanzia mwaka 1952 Bandstand, kipindi ambacho vijana walicheza dansi kwa santuri mbele ya kamera, kilikuwa kikirushwa kutoka mle, alasiri, saa ambayo watoto wametoka shule na wazazi bado wako kazini.

Karibu kila aliyewahi kuingia mle husimulia kwanza jinsi palivyokuwa padogo. Kwenye kioo cha nyumbani ulionekana ukumbi mpana uliojaa vijana. Ukifika, unakuta chumba kilichobanana: mabenchi ya ngazi upande mmoja, kizimba cha mtangazaji, na kamera nzito za magurudumu zinazoburuta nyaya nene sakafuni huku vijana wakizikwepa kwa kucheza. Kamera za enzi zile hazikuona vizuri bila mwanga mkali, kwa hiyo taa zilikuwa nyingi na joto lilikuwa jingi. Na katika joto hilo mvulana alitakiwa kuvaa koti au sweta, pamoja na tai. Msichana alivaa gauni au sketi, suruali ilikuwa marufuku. Aliye chini ya miaka 14 au zaidi ya 18 hakuingia. Masharti hayo yalikuwa na shabaha: wazazi wengi waliiogopa rokenroli, na kipindi kilitaka kuwaonyesha kwamba watoto wanaoicheza ni watoto wenye adabu.

Waimbaji, je? Hawakuimba. Santuri ilipigwa, mwimbaji akasimama mbele ya kamera na kuifuatisha kwa midomo. Kuleta bendi nzima na kupanga vipaza sauti katika chumba kile ilikuwa gharama na usumbufu, tena msikilizaji alitaka sauti ileile aliyoinunua dukani. Wapo wanaouita utaratibu huo udanganyifu. Mimi sikubaliani nao. Nguvu ya kipindi ilikuwa kwa wacheza dansi, na wao walicheza kweli, mubashara, bila nafasi ya kurudia. Ndio waliopewa pia kazi ya kupima santuri mpya na kuipa alama kati ya 35 na 98.

Julai 1956 Dick Clark, kijana wa miaka 26, alichukua kiti cha mtangazaji. Tarehe 5 Agosti 1957 shirika la televisheni la ABC likaanza kukirusha kipindi nchi nzima kwa jina la American Bandstand. Fikirieni jambo hilo kwa mwanafunzi wa sekondari wa Philadelphia. Jana alikuwa akifahamika mtaani kwao tu. Leo anaandikiwa barua na watu wa majimbo asiyowahi kuyaona, wanamuuliza amekosana na nani na nywele zake anazitengenezaje. Na hakuwa mfanyakazi wa kituo. Alipanga foleni, akaingia, akacheza, akarudi nyumbani kufanya kazi za shule.

Sasa niwatoe studioni kidogo, tusimame mlangoni, kwa sababu hapo ndipo kiini cha mhadhara huu kilipo.

Studio ile ilikuwa katika eneo la Philadelphia Magharibi, ambako Wamarekani weusi waliishi kwa wingi, wengine umbali wa kutembea kwa miguu. Waimbaji weusi walikaribishwa mbele ya kamera. Vijana weusi waliotaka kucheza walikuta mlango umefungwa, bila kibao chochote kilichoandika hivyo. Kulikuwa na kadi za uanachama, na tiketi za kuombwa mapema kwa barua, na barua ina jina na anwani. Mwombaji alijulikana kabla hajafika. Vijana weusi walilitambua hilo, na wako walioomba tiketi kwa majina ya ukoo ya Kiirishi, ya Kipolandi na ya Kiitaliano ili wapenye. Ushujaa wa namna hiyo haukuonyeshwa kwenye televisheni, nami nautaja kwa heshima zote.

Miaka mingi baadaye Clark alisimulia kwamba ni yeye aliyewaingiza vijana weusi kipindini mara tu alipokishika. Ni kumbukumbu nzuri, na imerudiwa mara nyingi. Lakini magazeti ya wakati ule, hasa Philadelphia Tribune, gazeti la Wamarekani weusi, pamoja na ushuhuda wa waliorudishwa mlangoni, yanaeleza habari nyingine: ubaguzi uliendelea kwa miaka kadhaa baada ya yeye kuingia. Tukiwauliza waliokuwa ndani peke yao, tutapata furaha tupu. Nyuma ya pazia ni pamoja na nje ya mlango.

Na waliokuwa nje walikuwa na kipindi chao. Kuanzia 1955, katika mji jirani wa Wilmington, mtangazaji mweusi Mitch Thomas aliongoza kipindi cha dansi cha Jumamosi kwenye kituo cha WPFH. Studio ilijaa vijana weusi, na mawimbi ya kituo yaliifikia Philadelphia. Vijana weupe wa Bandstand walikaa nyumbani Jumamosi wakitazama, wakajifunza mitindo, wakaenda kuionyesha siku za wiki. Stroll, dansi ile ya mistari miwili, wavulana huku na wasichana kule, na wawili wawili wakipita katikati kwa mwendo wa madaha, ilipita njia hiyo. Taifa zima likadhani imezaliwa studioni Philadelphia. Twist, wimbo wa dansi, nayo aliirekodi kwanza Hank Ballard. Chubby Checker, kijana mweusi wa Philadelphia, akaiimba upya, na kwa msukumo wa kipindi cha Clark ikashika namba moja mwaka 1960, kisha tena mwanzoni mwa 1962.

Kuhusu hongo walizopewa watangazaji ili wapige santuri fulani nitasema machache, kwa kuwa zimeandikwa sana. Mwaka 1960 Clark alihojiwa na kamati ya Bunge la Marekani, naye alikuwa ameshaagizwa na ABC kuachana na hisa zake katika biashara ya muziki. Alinusurika. Alan Freed, mtangazaji mwingine wa rokenroli, aliyewahi kupoteza kipindi chake cha ABC baada ya mwimbaji mweusi Frankie Lymon kuonekana akicheza na msichana mweupe, hakunusurika.

Katika jiji la Baltimore kisa kilikuwa kizito zaidi. Kipindi cha dansi cha mtangazaji Buddy Deane, kituo cha WJZ, kiliwatengea vijana weusi siku zao maalumu. Agosti 1963, katika siku mojawapo, wanafunzi wanaharakati weusi na weupe waliingia pamoja wakacheza pamoja, mubashara, kamera zikiwatazama. Vikafuata vitisho vya mabomu. Suala la vijana kucheza pamoja kila siku halikupata ufumbuzi, na Januari 1964 kipindi kikafungwa kabisa.

Vipindi vingi vya namna hii havikuhifadhiwa. Vilirushwa moja kwa moja vikapotea, na ukanda wa video ulikuwa ghali kiasi kwamba ulifutwa ukatumika tena. Kilichobaki ni picha, magazeti, vitabu vya kumbukumbu vya shule na vichwa vya watu. Aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1957 amepita 80 leo. Wanaofanya utafiti wa historia simulizi waende kwake sasa, na wakitoka kwa yule aliyecheza, wamtafute jirani yake aliyepanga foleni akarudishwa.

Nawashukuru. Nipo tayari kwa maswali.