Karatasi Ilianzia kwenye Matambara

Walimu wenzangu, wanafunzi, wazazi mliofika: asanteni kwa kuja. Kabla sijaanza, kila mmoja achane kipande kidogo cha karatasi aliyonayo, akitazame ukingoni dhidi ya mwanga wa dirisha. Mnaviona vinyuzi vilivyochomoza? Mazungumzo yangu ya leo ni ya vinyuzi hivyo.

Uchina wa kale inasifiwa kwa mambo manne: karatasi, uchapaji, baruti na dira. Baruti na dira zina wasemaji wengi. Mimi nabaki na karatasi.

Zamani Wachina waliandika juu ya vipande bapa vya mianzi vilivyofungwa kwa kamba mithili ya jamvi, au juu ya hariri. Hariri ilikuwa ghali, mianzi mizito. Mwanahistoria Sima Qian anasimulia kwamba mfalme Qin Shi Huang alipimiwa nyaraka za siku kwa mizani, na hakupumzika kabla ya kuzimaliza. Nyaraka za kupimwa kwa mizani, kama mahindi!

Mwaka 105 Cai Lun, mtumishi wa ikulu ya Han, ukoo uliotawala Uchina wakati huo, alimweleza mfalme wake jinsi ya kutengeneza karatasi. Hakuwa wa kwanza kabisa, maana vimefukuliwa vipande vya zamani zaidi. Kwangu mimi, ukubwa wake uko kwenye malighafi: magome ya miti, katani, matambara, nyavu kuukuu za wavuvi. Yaani takataka! Huloweshwa, hupondwa hadi nyuzi ziachane, hukorogwa katika maji mengi. Fundi huchota kwa chekeche pana, maji yanachuruzika, nyuzi zinabaki zimelaliana na kushikana zenyewe. Zikikauka, hiyo ndiyo karatasi. Viwanda vya leo vina mitambo mirefu, lakini kanuni ni ile ile, na boksi kuukuu linaposagwa upya, kazi ni ya Cai Lun.

Husemwa kwamba ujuzi huu ulifika magharibi na mafundi waliotekwa vitani Talas, Asia ya Kati, Waarabu walipopigana na Wachina mwaka 751. Wanahistoria wanabishana kuhusu mateka hao. Lililo wazi ni kwamba Samarkand, mji wa Asia ya Kati, ilisifika kwa karatasi, na kabla ya karne ya nane kwisha Baghdad nayo ikawa inaitengeneza.

Neno letu lenyewe lina safari yake. Limetoka kwenye Kiarabu, qirtas, lililotumika hata kabla karatasi ya Kichina haijafika kwa Waarabu. Lilitaja mafunjo ya Misri. Kitu cha Uchina tunakiita kwa jina la mmea wa mto Nile.

Nimalizie na Sutra ya Almasi, andiko takatifu la Wabudha, iliyokutwa pangoni Dunhuang, Uchina, na sasa imehifadhiwa London. Ilichapwa kwa vibao vya mbao mwaka 868; hakuna kitabu kizima kilichochapwa, chenye tarehe, kinachojulikana kuwa cha zamani zaidi. Mwishoni imeandikwa kwamba mtu aitwaye Wang Jie aliitengeneza kwa ajili ya wazazi wake wawili, igawiwe kwa watu wote bure. Kwa bei ya hariri, asingeweza kuahidi hivyo.