Faili Kuukuu ni Lipi Hasa?

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tunafagia /tmp, ile folda ya muda ya Linux ambayo kila programu hutupia vitu vyake na hakuna anayerudi kuvichukua. Baraka, mbona unacheka?

BARAKA: Nacheka kwa uchungu, dada. Fagio langu la kwanza lilikuwa mstari mmoja ndani ya cron, kile chombo kinachoendesha amri kwa ratiba: find /tmp -mtime +7 -delete. Kila usiku, kilichozidi wiki kinakwenda. Nikajiona fundi kweli.

ZUHURA: Mpaka?

BARAKA: Mpaka jioni moja nikafungua faili la tar, yaani furushi la mafaili mengi, humo humo /tmp, kazi zangu za miaka mitatu nyuma. Nikalala. Asubuhi hakuna kitu.

ZUHURA: Si ulizifungua jana yake tu?

BARAKA: Ndiyo, ila tar hurudisha kila faili na tarehe yake ya zamani. Find ikatazama mtime, yaani tarehe yaliyomo yalipobadilishwa mwisho, ikaona miaka mitatu, ikafyeka.

ZUHURA: Hapo ndipo panaponiudhi. Watu wanabishana wafute baada ya siku ngapi, na hawaulizi siku hizo zinahesabiwa kuanzia lini. Tmpwatch na tmpreaper, programu za kufagia /tmp, usipoziambia vingine, huangalia atime: faili lilisomwa lini mara ya mwisho.

BARAKA: Na diski ikiwa imewekwa noatime, yaani isiandike faili linaposomwa, saa hiyo imesimama. Unalisoma faili kila siku, lenyewe linaonekana halijaguswa.

ZUHURA: Ndiyo maana mimi nimehamia systemd-tmpfiles, chombo cha systemd kinachounda na kusafisha mafaili ya muda. Inatazama saa zote: ya kusomwa, ya kubadilishwa yaliyomo, hata ctime, ambayo husogea ukibadili ruhusa tu. Moja ikiwa changa, faili linabaki. Zako zingepona, maana tar haiwezi kuirudisha nyuma ctime.

BARAKA: Inafanya kazi lini?

ZUHURA: Robo saa baada ya kompyuta kuwaka, kisha mara moja kwa siku. Mipangilio inayokuja nayo inatoa siku 10 kwa /tmp na 30 kwa /var/tmp, folda nyingine ya muda, ingawa baadhi ya distro, yaani matoleo mbalimbali ya Linux, hubadilisha. Programu yenye kazi ndefu inaweza kuifunga folda yake kwa flock, yaani kufuli la mfumo, na mfagiaji akiikuta imefungwa anapita zake.

BARAKA: Lakini jina lake linapotosha, tuseme ukweli. Toleo la 256 la systemd, Juni 2024, lilileta chaguo la --purge, la kufuta vyote ambavyo mipangilio yake huviunda. Kuna waliodhani linazoa takataka tu, kumbe hata /home, folda ya mafaili ya watumiaji, imo kwenye vitu ambavyo chombo hicho huviunda. Ikafutwa nayo.

ZUHURA: Uwii! Toleo la 256.1 ndilo likaanza kudai utaje kwanza faili la mipangilio. Na --dry-run ililetwa na 256 hiyo hiyo: inakuonyesha kitakachofutwa bila kufuta. Ningeitumia kabla ya lolote. Haya, na ule mstari wako wa cron bado upo?

BARAKA: Nimeufuta. Kwa mkono.