Uvimbe Utoke, Titi Libaki, Mionzi Ifuate

Assalamu alaykum, na habari za mchana. Wazee wetu, akina mama na akina baba wa Bombo, nawashukuru kwa kunialika nizungumze kuhusu saratani ya matiti, na hasa kuhusu upasuaji ambao daktari huondoa uvimbe pamoja na ukingo wa nyama salama unaouzunguka, kisha akaliacha titi mahali pake. Wanawake wengi, wakishapewa majibu ya kipimo, huuliza kwa sauti ya chini: je, ni lazima titi lote liondolewe? Jibu langu ni kwamba kwa wengi wanaofika mapema si lazima, ila kuna sharti moja ambalo hapa Uganda lina uzito kuliko mengine yote, nalo ni kwamba upasuaji huo ufuatiwe na mionzi.

Kwa miongo mingi madaktari wenyewe hawakuamini hivyo. Mwaka 1894 daktari William Halsted wa Baltimore, Marekani, alieleza upasuaji ulioondoa titi lote, misuli ya kifua iliyo chini yake na tezi za kwapani, kwa imani kwamba saratani hutambaa hatua kwa hatua kutoka titini, na kwamba anayekata kwa upana zaidi ataiwahi kabla haijafika mbali. Wanawake waliopona walibaki na kifua kilichobonyea, na wengi wao na mkono uliovimba maisha yao yote. Daktari wa upasuaji Bernard Fisher, naye wa Marekani, alipinga fikra hiyo: alisema kwamba iwapo chembe za saratani zimekwisha kuingia katika damu, upana wa jeraha la kifuani hauwezi kuzirudisha, na iwapo hazijaingia, hakuna haja ya jeraha pana kiasi hicho.

Hoja hiyo haikuachwa iwe maneno matupu. Kuanzia mwaka 1976 Fisher na wenzake waliwafuatilia wanawake 1,851 wenye uvimbe usiozidi sentimita 4, wakiwagawa kwa kura: wengine waliondolewa titi lote, wengine uvimbe tu, na wengine uvimbe kisha wakapewa mionzi. Huko Milan, Italia, daktari Umberto Veronesi alifanya utafiti unaofanana na huo kwa wanawake 701 wenye uvimbe usiozidi sentimita 2. Matokeo ya miaka 20 ya tafiti zote mbili yalitangazwa mwaka 2002, na yalikubaliana: walioachiwa titi waliishi muda sawa na walioondolewa titi lote. Naomba akina baba mlisikie hilo vizuri, maana mara nyingi ni mume au kaka anayesisitiza kwamba titi likatwe lote ili mgonjwa awe salama.

Lakini katika utafiti wa Fisher kuna tarakimu nyingine ambayo sitaki mtu yeyote aondoke hapa bila kuijua. Miongoni mwa walioondolewa uvimbe bila mionzi, saratani ilirudi katika titi lile lile kwa asilimia 39 ndani ya miaka 20. Miongoni mwa waliopata mionzi, ilirudi kwa asilimia 14. Mwaka 2011 tafiti 17 zenye wanawake zaidi ya 10,000 zilipounganishwa, ilionekana pia kwamba mionzi hupunguza vifo, si kurudi kwa uvimbe peke yake. Kisu huondoa kinachoonekana. Mionzi huua chembe zilizosalia ambazo hakuna jicho wala kidole kinachoweza kuzigundua.

Ndiyo maana nchini kwetu uamuzi huu huanza na swali la mashine. Mtakumbuka kwamba mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya nchi nzima, iliyokuwa hospitali ya Mulago mjini Kampala, iliharibika kabisa, na baadhi ya wagonjwa wakalazimika kufikiria safari ya Nairobi. Nyingine ilizinduliwa rasmi mwaka 2018, na baadaye zikaongezwa za kisasa zaidi. Ninyi wa Bombo mnaweza kwenda Mulago na kurudi siku hiyo hiyo, ila ndugu zenu walioko Arua wako karibu kilomita 500 kutoka hapo, na kwao gharama kubwa huwa nauli, chakula na mahali pa kulala.

Hapa nina habari inayonipa matumaini ya kweli. Zamani mionzi ya titi ilichukua wiki tano au zaidi, mgonjwa akienda kila siku ya kazi. Tafiti za Uingereza zilionyesha kwamba mara 15 katika wiki tatu zinatosha, na mwaka 2020 utafiti mwingine wa huko huko ukaonyesha kwamba kwa wagonjwa wengi mara tano katika wiki moja hazipungui kwa ubora. Kwa mwanamke aliyeacha watoto na shamba Arua, tofauti ya wiki moja na tano ndiyo inayoamua kama atamaliza tiba au ataikatiza njiani. Kwa maoni yangu, kila mgonjwa anapaswa kuuliza, kabla hajaingia chumba cha upasuaji, mionzi yake itafanyika wapi, lini, na kwa siku ngapi. Asipopata jibu, au akijua kwamba hataweza kufika, kuondoa titi lote ni uamuzi wa busara wala hauna aibu yoyote. Ajue tu kwamba hata baada ya hapo, uvimbe mkubwa au tezi nyingi zilizoathirika huweza kumfanya ahitaji mionzi.

Wapo wasiofaa kuhifadhiwa titi: mwenye uvimbe uliosambaa sehemu mbalimbali za titi, mwenye saratani inayofanya titi lote kuwa jekundu na kuvimba, aliyewahi kupigwa mionzi kifuani, na mara nyingi mjamzito wa miezi ya mwanzo, kwa kuwa mionzi humdhuru mtoto. Mwenye uvimbe mkubwa anaweza kuanzishiwa dawa ili unywee kabla ya upasuaji kufikiriwa, na hapo inafaa alama ndogo ya chuma iwekwe ndani yake mapema, kwani wakati mwingine uvimbe hutoweka kabisa na daktari akakosa pa kukata.

Linalonisikitisha zaidi ni uvimbe unaotolewa katika kliniki ndogo kama jipu, nyama ikatupwa. Kipimo cha kipande kidogo cha nyama kinachotolewa uvimbeni kwa sindano kitangulie. Na siku ya upasuaji, nyama yote iliyotolewa ifungwe nyuzi zinazoonyesha juu na upande, itiwe katika formalini, yaani dawa ya kuihifadhi isioze, ipelekwe maabara. Huko hupakwa wino kwenye kingo. Wino ukigusa saratani, maana yake saratani imefika ukingoni, na mgonjwa hurudishwa kukatwa tena. Wapo wanaosema kwamba saratani ikiguswa na chuma husambaa. Si kweli; wanaopata madhara ni wanaosubiri mpaka kidonda kifunguke.

Aliyehifadhiwa titi apigwe picha ya eksirei ya matiti kila mwaka, na aende kliniki akihisi ugumu mpya, kwa sababu saratani ikirudi humo titini na ikagunduliwa mapema, bado titi linaweza kuondolewa kwa nia ya kumponya.